Masafa yanayohama: historia ya radio za kusikiliza polisi na wazima moto Marekani



Baba mmoja mhami, mzaliwa wa Masisi, alinijia na simu mkononi. Mtoto wa dada yake alikaa miaka mingi kambini Uganda, kiisha akapelekwa Marekani kwa mpango wa kuwahamishia wakimbizi huko. Kijana huyo alimtumia mjomba wake ujumbe wa sauti. Alisema kwamba jirani yake, mzee aliyestaafu, ana radio ndogo iliyosimama dirishani na inayozungumza mchana na usiku. Inasema nyumba gani inaungua, ambulansi inaelekea wapi, polisi wameitwa mtaa gani. Asubuhi moja ikanyamaza. Mzee akaketi mezani na kompyuta na waya, akamwambia kijana: «Wamebadilisha masafa, lazima niiprogramu upya.» Kijana akaogopa. Kwake, kama kwetu hapa, mtu anayesikiliza radio ya watu wenye silaha anaweza kuitwa mpelelezi.

Baba akaniuliza maswali mawili. Hiyo ni radio gani? Na kwa nini masafa yanahama kama sisi?

Niliahidi kumjibu. Jibu ni refu kidogo, maana ni historia ya karibu miaka mia. Lakini inatuhusu, kwa sababu kila mwenye radio hapa kwetu anajua uchungu wa kufungua mahali alipozoea na kukuta mlio mtupu.

Muziki katikati ya habari za wezi

Tuanzie mji wa Detroit. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 polisi wa mji huo walijaribu kutuma habari kwa magari yao kwa njia ya radio. Kituo chao kiliitwa KOP. Serikali ilikuwa imewapa kibali cha radio ya burudani, kwa hiyo ilibidi wapige muziki katikati ya matangazo ya magari yaliyoibwa. Watu walicheka, lakini polisi hawakuacha. Tarehe 7 Aprili 1928 walianza utumaji wa kila siku uliofanya kazi vizuri, na miji mingine ikafuata.

Ilikuwa njia ya upande mmoja. Gari lilisikia, lakini halikuweza kujibu. Polisi akitaka kusema neno, alisimama na kutafuta simu ya waya. Mwaka 1933 polisi wa Bayonne, jimbo la New Jersey, wakapata radio ya gari yenye kusema na kusikia.

Jambo la kushika hapa ni hili: masafa, ambayo wengi wetu tunaita frekansi, yalikuwa karibu sana na yale ya radio za kawaida za nyumbani. Ukizungusha kitufe kupita kidogo mwisho wa kituo cha muziki, unawakuta polisi. Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa radio waliandika kabisa neno «Police» kwenye kioo cha kutafutia stesheni. Familia ilikula chakula cha jioni ikisikia mji wake unavyolindwa. Raia hawakuvunja mlango wa mtu, radio yao wenyewe iliyaleta maneno hayo sebuleni.

Waandishi wa habari nao walifaidika. Mpiga picha wa New York aliyejulikana kwa jina la Weegee alipata kibali mwaka 1938 cha kuweka radio ya polisi ndani ya gari lake. Ndiyo maana mara nyingi alifika penye ajali au moto mapema kuliko wenzake.

Sheria ilikuwepo pia. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934, iliyounda tume ya FCC inayosimamia mawimbi Marekani, ilikataza mtu kutangaza au kujinufaisha na ujumbe ambao hakutumiwa yeye. Majimbo kadhaa yalikataza raia kuwa na radio ya polisi ndani ya gari, kwa kuogopa kwamba mwizi angeitumia kukimbia.

Kuhama kwa kwanza, na vipande vya kristali

Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walianza kutumia FM jimbo zima. Sauti ikawa safi, kelele zikapungua. Baada ya Vita Kuu ya Pili idara nyingine zikapanda huko, kwenye masafa ya juu zaidi. Radio ya nyumbani haikufika tena. Huko ndiko kuhama kwa kwanza, na aliyetaka kuendelea kusikia alilazimika kununua chombo cha pekee.

Chombo hicho kilikuja kuitwa skana, kwa sababu kinapitia masafa moja baada ya jingine haraka haraka, na kinasimama pale kinapokuta mtu anaongea. Skana za kwanza zilitumia vipande vya kristali, kila masafa na kipande chake. Ukitaka kusikia polisi, wazima moto na ambulansi, unanunua vipande vitatu. Idara moja ikihama, unafungua kisanduku, unang'oa kipande cha zamani na kuweka kipya. Mwenye fedha kidogo alibaki na kipande kisicho na kazi.

Utajuaje masafa mapya? Kwa kitabu. Kuanzia mwaka 1964 kulikuwa na kitabu kilichoitwa Police Call, kilichotoka mwaka hata mwaka na kuorodhesha masafa ya idara za miji na majimbo. Kilidumu hadi mwaka 2005. Kwa wasikilizaji wa wakati huo, kitabu hicho kilikuwa dira yao.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 skana zikapata vitufe vya namba. Sasa msikilizaji aliandika masafa kwa kidole, kama tunavyoandika namba ya simu, na chombo kikayashika. Huo ndio mwanzo wa neno kuprogramu katika mchezo huu. Kwa miaka michache wasikilizaji walidhani wameshinda: idara ikihama, unaandika namba mpya, basi.

Parkingi ya pikipiki

Kisha ikaja njia mpya inayoitwa trankingi. Hapa nitaomba msaada wa wamotari wetu, kwa sababu wanaielewa kuliko mainjinia wengi.

Fikiri mtaa wenye familia ishirini, na kila familia ina pikipiki yake na motari wake. Muda mwingi pikipiki kumi na tano zimesimama tu. Lakini familia moja ikipata wageni watatu kwa pamoja, pikipiki yake moja haitoshi, na zile za majirani haina ruhusa nazo. Ndivyo masafa yalivyokuwa. Idara ya maji ilikuwa na yake, wazima moto yao, polisi yao, na mengi yalilala kimya huku mengine yamejaa.

Sasa fikiri parkingi. Pikipiki sita tu zinatosha mtaa mzima, na chefu wa parkingi anasimama pale. Mtu akija, chefu anamwambia: «Wewe panda ya tatu.» Mwingine akija: «Wewe panda ya tano.» Ukirudi saa moja baadaye, utapewa nyingine. Hakuna mwenye pikipiki yake, na hakuna anayekosa.

Trankingi ni hivyo hivyo. Masafa machache yanatumiwa na idara zote. Moja kati yake ni chaneli ya uongozi, ndiyo chefu wa parkingi. Haibebi sauti ya mtu. Inabeba habari za kompyuta tu, na ukiisikia kwa sikio ni mlio wa kukwaruza usiokoma. Askari akibonyeza kitufe cha radio yake, chaneli ya uongozi inaziambia radio zote za kikundi chake: nendeni kwenye masafa fulani. Zote zinaruka kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Maneno yakiisha, masafa yanaachwa huru kwa wengine. Kila kikundi kina namba yake, kwa mfano polisi wa kaskazini namba moja, wazima moto namba nyingine.

Nafasi ya kufanyia hivyo ilipatikana katika miaka ya 1970, FCC ilipochukua masafa yaliyokuwa ya televisheni, kwenye eneo la megahezi 800, ikayatoa kwa radio za magari. Mwishoni mwa miaka hiyo chama cha watumishi wa mawasiliano ya usalama, APCO, kilieleza katika mradi wake wa 16 mambo ambayo mfumo kama huo ulipaswa kuyatimiza. Makampuni makubwa yakajenga mifumo yao, Motorola ya kwake, General Electric ya kwake iliyoitwa EDACS, na E.F. Johnson ya kwake iliyoitwa LTR. Miji ikaanza kuhamia huko katika miaka ya 1980 na 1990.

Kwa msikilizaji mwenye skana ya kawaida ilikuwa vurugu. Alisikia swali la polisi kwenye masafa moja, lakini jibu likaenda kwenye masafa mengine. Katikati likaingia sauti ya mtu wa idara ya barabara anayeomba mchanga. Ni kama kusimama kando ya barabara ukifuata pikipiki ya tatu ukidhani imembeba shangazi yako, kumbe shangazi alishashuka na sasa imembeba muuza samaki.

Dawa ilipatikana mwaka 1997. Kampuni ya Uniden ilitoa skana iliyoitwa BC235XLT, ya kwanza kuuzwa kwa raia yenye uwezo wa kufuata mifumo ya trankingi ya Motorola. Iliacha kukimbiza pikipiki, ikaanza kumsikiliza chefu. Inasikia agizo kwenye chaneli ya uongozi, inaruka pamoja na kikundi, na mazungumzo yakiisha inarudi kusikiliza tena.

Kuanzia hapo kuprogramu kukawa kazi ya kuelewa. Kuandika namba moja hakukutosha. Ilibidi ujue ni mfumo wa aina gani, chaneli ya uongozi iko wapi, na kila namba ya kikundi ni ya nani. Zaidi ya hapo, mifumo mingi ya Motorola ilikuwa na chaneli hadi nne zinazopokezana uongozi. Aliyeandika moja tu alisikia vizuri leo, kesho akakuta ukimya. Aliyeandika zote nne alilala bila wasiwasi.

Miaka kumi na saba ya kuhama

Sasa tunafika kwenye kuhama kukubwa kuliko kwote, kule kulikowapotezea wengi masafa yao.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya simu iitwayo Nextel ilinunua masafa mengi madogo madogo kwenye eneo lile la megahezi 800 na kujenga mtandao wa simu. Ni ile miaka simu za mkononi zilipoanza kujaa duniani. Mwaka 2000 bei ya coltani ilipanda mno kwa sababu ya vyombo vya namna hiyo, na watu wa Masisi na Walikale wanaikumbuka bila kufungua kitabu. Tatizo la kule Marekani lilikuwa kwamba masafa ya Nextel na ya polisi yalichanganyika kama mashamba yasiyo na mipaka. Askari au mzima moto akisimama karibu na mnara wa simu, radio yake ilizibwa. Mtu anaomba msaada na hasikiki.

Mwaka 2004 FCC ikatoa uamuzi wa kupanga upya eneo lote. Wenye simu upande mmoja, usalama upande mwingine. Masafa ya usalama yaliyokuwa kati ya megahezi 866 na 869 yangeshuka hadi kati ya 851 na 854, yaani hatua 15 kamili kwenda chini. Mfano mmoja unatosha: chaneli ya kuitana, ambayo idara za miji mbalimbali hutumia kutafutana wakati wa maafa, ilitoka 866.0125 ikaenda 851.0125. Nextel ndiyo iliyobeba gharama za kuwahamisha wengine.

Kazi ilianza mwaka 2005 na ilitegemewa kuisha kwa miaka mitatu. Haikuisha. Kila mji ulikuwa na radio maelfu za kugusa moja moja, mikataba ya kujadili, na kwenye mipaka ya Kanada na Mexico ilibidi nchi zipatane kwanza. FCC ilifunga jalada hilo mwaka 2021. Tangu uamuzi wa 2004 ilikuwa imepita miaka kumi na saba. Sisi tulioambiwa mara nyingi kwamba tutarudi nyumbani baada ya miezi mitatu tunaelewa hesabu za namna hiyo.

Na skana za raia je? Hapa palikuwa na mtego. Chaneli ya uongozi ya Motorola haisemi masafa yenyewe. Inasema namba ya chaneli tu, kama chefu asemavyo «panda ya tatu». Radio yako inabeba ndani yake orodha inayosema ya tatu ni masafa gani. Baada ya kuhama, namba zilezile zilianza kumaanisha masafa mengine. Skana yenye orodha ya zamani ilisikia agizo vizuri kabisa, kisha ikaruka mahali pasipo na mtu. Mwenye nayo aliamini kwamba mji umetulia usiku ule, na kumbe mtaa wa pili unaungua.

Skana mpya kiasi ziliweza kupewa orodha mpya. Unaiunganisha na kompyuta, unabadilisha programu yake ya ndani, kisha unaandika masafa mapya. Zile za zamani zaidi, ikiwa pamoja na ile ya 1997 iliyopendwa sana, hazikuwa na mlango wa kupokea orodha hiyo. Zilibaki viziwi kwenye mifumo iliyohama.

Ndipo ikaonekana faida ya wasikilizaji kujuana. Mji mmoja ulihama Jumanne, mji wa pili miezi kadhaa baadaye, na kitabu cha mwaka hakikuweza kukimbia namna hiyo. Mtu mmoja alikesha akipitisha skana yake polepole kati ya 851 na 854, akitafuta ule mlio wa kukwaruza. Akiupata aliandika masafa kwenye daftari. Kisha aliketi akisikiliza kila namba ya kikundi mpaka ajue inayosema ni ya nani: huyu ametaja kituo cha moto, kwa hiyo ni wazima moto, huyu ametaja namba ya basi, kwa hiyo ni usafiri. Kesho yake aliwapa wengine. Hakulipwa. Wengi waliorudi kusikia mji wao walirudi kwa kazi ya watu wa namna hiyo, ambao majina yao hayajaandikwa popote.

Kuhama si sawa na kufungwa

Wakati kuhama huko kunaendelea, jambo jingine lilikuwa likikua. Tangu mwaka 1989 APCO na washirika wake walikuwa wakitengeneza kanuni moja ya radio za dijitali, iitwayo Project 25. Mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 yalionyesha hatari ya polisi na wazima moto kutoweza kusemezana, na serikali ikasukuma miji ielekee kwenye kanuni hiyo. Kwa msikilizaji ilikuwa na uzuri wake. Chaneli ya uongozi ya Project 25 inatangaza hewani orodha yake yenyewe ya chaneli na masafa. Masafa yakihama, skana inayoelewa kanuni hiyo inajifunza yenyewe. Lakini kila hatua iliacha watu nyuma. Skana ya analogi haisikii dijitali. Na skana ya dijitali ya mwanzo haisikii awamu ya pili, ambamo mazungumzo mawili yanapita kwenye chaneli moja kwa kupokezana nafasi.

Hata hivyo, hayo yote ni kuhama, na mwenye subira na taarifa sahihi anaweza kumfuata aliyehama. Dijitali ilileta pia jambo la pili lisilo na dawa: kufunga sauti kwa ufunguo wa siri. Skana inasikia kwamba mtu anaongea, inajua hata ni kikundi gani, lakini maneno hayafunguki. Hakuna namba ya kuandika itakayosaidia.

Miji mingi imekwenda huko. Polisi wa Denver walifunga mwaka 2019. Mwaka 2020 serikali ya California iliziagiza idara za polisi kulinda habari binafsi za watu zinazosomwa hewani, na nyingi zikaona njia fupi ni kufunga kila kitu. Chicago ilianza kufunga, ikawaachia raia sauti inayocheleweshwa dakika 30. New York, mji wa Weegee, ilianza mwaka 2023.

Polisi wana hoja yao, na si ya kudharau. Wanasema wahalifu husikiliza, na kwamba si haki jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa au anwani ya mwanamke aliyepigwa kusikika kwenye kila dirisha. Waandishi wa habari nao wana hoja yao. Wanasema moto au risasi zikiwa mtaani, dakika 30 ni maisha ya mtu, na polisi wasiosikika watajisimamia wenyewe. Baadhi ya idara zimechukua njia ya kati: habari za siri zinakwenda kwenye kikundi kilichofungwa, na kazi za kawaida zinabaki wazi. Mabishano hayo bado hayajaisha.

Na sisi je?

Nilimwambia yule baba: jirani wa mtoto wako si mpelelezi. Ni mzee anayependa kujua mji wake unaendeleaje, na kwa sehemu kubwa ya Marekani kusikiliza nyumbani kunaruhusiwa. Kijana aulize sheria ya jimbo lake kabla ya kununua yake, hasa kama anataka kuibeba garini.

Hapa kwetu mambo ni mengine, na nasema wazi ili pasiwe na wa kupotea. Usitafute mazungumzo ya wanajeshi wala ya kundi lolote lenye silaha. Mtu akikutwa njiani na motorola mkononi, hakuna atakayengoja maelezo yake. Historia hii sikuileta ili mtu ajaribu. Nimeileta kwa ajili ya radio zetu za kawaida za FM.

Kwa maana sisi pia tumeishi kwa kufuata masafa. Wazee wa Bukavu wanakumbuka Radio Agatashya, yaani mbayuwayu, iliyoanza mwaka 1994 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda na wenyeji waliowapokea, hadi vita vya 1996 vilipoinyamazisha. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, na kwa miaka mingi aliyetoka Goma kwenda Bukavu alijua kwamba ataiacha kwenye 105.2 na kuikuta kwenye 95.3. Wakati volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, kisha tarehe 27 wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wakaagizwa kuondoka, swali la kila mlango lilikuwa moja: radio inasema nini? Kuna waliotembea hadi Sake wakiwa na radio sikioni. Na kuna waliotembea kwa kufuata umati tu, kwa sababu hawakujua pa kusikiliza.

Kutoka kwa wasikilizaji wa Marekani tunaweza kuchukua mambo matatu ambayo hayahitaji kompyuta.

La kwanza, usishike masafa moja tu. Kama yule aliyeandika chaneli zote nne za uongozi, andika masafa mawili au matatu ya radio unazoziamini, na yale ya mji utakaoukimbilia. Yaandike kwenye kikaratasi, kwa sababu simu huzima na kichwa husahau wakati wa kukimbia.

La pili, ukimya usiuchukue kuwa amani. Radio yako ikinyamaza, uliza kwanza kama imehama, kama mawe yameisha, au kama imefungwa. Zungusha kitufe polepole kutoka 88 hadi 108 kabla ya kuamini kwamba hakuna habari.

La tatu, aliyepata awape wengine. Kiongozi wa bloku kambini, mwalimu, mama wa kikundi cha akiba, yeyote anayejua kwamba radio imehama asilale na habari hiyo. Na sisi wa radio tuna deni letu. Kuhama bila kuwaambia wasikilizaji siku kadhaa mapema, tena kwa lugha wanazoelewa, ni kuwaacha njiani.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alitoa radio yake ndogo kutoka mfuko wa koti, akafungua kifuniko cha mawe nyuma. Ndani palikuwa na kipande cha karatoni kilichokatwa kwenye boksi la sabuni, na namba mbili zimeandikwa kwa kalamu. Aliniomba kalamu yangu, akaongeza ya tatu, akakifunga.